Sura ya Tano: Aliyesukuma Mlango kwa Nyonga

Inspekta Ngwali Silima alipanda ngazi za nyumba ya mchoraji kwa hasira, na hasira yake ilikuwa ya mtu anayeamini kesi yake imekamilika. Mkononi alibeba mfuko wa karatasi uliopigwa lakiri. Nyuma yake alifuata Mzee Duni, fundi baiskeli, akiyalalamikia magoti yake kila kipandio. Mkuu wa kituo cha Wete ndiye aliyewatuma. Alisema kwamba kabla hajampeleka mwalimu wa skuli ya maandalizi mahakamani kesho asubuhi, anataka kumuona mwizi kwa macho yake, japo kwenye karatasi. Ngwali alimjibu kwa adabu zote kwamba mwizi mwenyewe alivaa ninja, kile kitambaa cheusi kinachoacha macho tu, na kumchora mtu wa namna hiyo ni sawa na kuchora mwavuli uliofungwa. Mkuu akamwambia aende akachorewe huo mwavuli.

Kwa Ngwali, kesi haikuwa na mzunguko. Juzi alasiri wanawake walikusanyika nyumbani kwa Bwana Haroub Mbaruk kwa shughuli ya hina ya binti yake, Jawaher, ambaye nikaha yake ni kesho baada ya sala ya Ijumaa. Kama ilivyo desturi, kila aliyeingia alivua buibui lake akalitupa juu ya kitanda cha chumba cha wageni, mpaka kitanda kikawa kichuguu cheusi. Wageni walipotaka kurashiwa marashi wakati wa kuagana, mrashi wa fedha wa nyumba ile haukuwamo kabatini. Mzee Duni, ambaye kibanda chake kinatazamana na mlango wa uani, alikuwa amemuona mtu wa buibui na ninja akitoka na kitu kinachong'aa kwapani. Buibui hilo lilikuwa na shanga za buluu kwenye mkono mmoja tu, wa kushoto. Mtaa mzima unajua ni la nani. Nahla, yule mwalimu, alizitunga shanga zile mwenyewe, zikamwishia kabla hajaufikia mkono wa pili, na tangu hapo watu wanamtania.

Nahla alikuwa rumande tangu jana. Alikana mara moja, kisha akanyamaza. Alipoonyeshwa buibui lake aligeuza uso hakutaka hata kulitazama, na alikuwa na swali moja tu, alilolirudia kwa kila askari aliyempelekea maji: harusi imeshapita? Ngwali alilihesabu swali hilo kuwa ushahidi. Mtu asiye na hatia, alijiambia, hana haja na siku ya harusi ya watu. Kilichobaki ni kumkamata mshirika. Duni alisema mwizi alivaa makubadhi ya kiume na alikuwa akitembea vibaya, na Nahla anaye kaka, Mmanga, mchukuzi wa bandarini Wesha. Mwanamme ndani ya buibui la dada yake, hadithi imekwisha. Na Nahla naye skuli ndiyo basi, kwani mzazi gani wa Wete atamkabidhi mwanawe kwa mwizi?

"Hodi!"

"Karibuni. Afande, jihadhari na hiyo ya sakafuni, ndiyo kwanza inakauka."

Suhaila alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, miwani yake ameifunga kwa kamba ya viatu. Kazi yake ni kuchora watu wa vitabu vya kusomea vya watoto, na kuta za chumba chake zilijaa watu hao tangu dari mpaka chini. Ngwali alikusudia kutozitazama. Alitazama ya kwanza kwa bahati mbaya, akacheka kabla hajajizuia. Ilikuwa ni mwalimu wa chuo cha Kurani, kanzu imempanda mbele kwa ajili ya kitambi, kofia imerudi kisogoni, mkono mmoja unapapasa nyuma ya mgongo kutafuta bakora ambayo ni wazi ameisahau nyumbani. Hakuwa na macho wala pua wala mdomo. Pahala pa uso palikuwa peupe, na hata hivyo Ngwali alimjua, maana ndiye aliyemsomesha kule Gando, yeye au ndugu yake pacha.

Akaiendea ya pili. Mwanamke amejifunga leso kiunoni, fundo limekazwa kuliko inavyohitajika, ungo ameushika kwa mkono mmoja ubavuni, kisigino kimoja kimeshanyanyuka. Ngwali aliusikia ugomvi unaokwenda kwa jirani. Ya tatu ilikuwa ni mzee aliyevaa koti juu ya kanzu, amekaa kwenye ncha ya kiti.

"Koti si lake," alisema Ngwali.

"Umejuaje?"

Ngwali alifikiri. "Mabega hayajalijaa. Na kola kaishika kama anayechelea kulaumiwa."

"Basi jicho unalo." Suhaila aliokota penseli. "Uso nautia mwisho, afande. Mtoto akishindwa kumjua mtu kabla sijamtia macho, picha hiyo naichana. Mtu kwanza ni anavyosimama, kisha ni alivyovaa, kisha ni alichoshika. Sasa nieleze huyo wako."

Ngwali alieleza kama anavyoeleza mahakamani: urefu wa kadiri, umri haujulikani, rangi haijulikani, mavazi meusi. Suhaila alimsikiliza mpaka mwisho bila ya kuandika kitu, akamshukuru, kisha akakivuta kigoda mbele ya Mzee Duni. Ngwali alielewa kwamba amewekwa pembeni. Akaegemea dirisha, akaamua kuona mtu huyu anahojije shahidi.

Suhaila hakuuliza mwizi alikuwaje. Aliuliza mikono yake ilikuwa wapi, na Ngwali aliona haya kidogo, kwa sababu yeye swali hilo halikumjia. Duni alisema vitanga hakuviona, vilikuwa ndani ya mikono ya buibui. Viwiko je? Viwiko aliviona. Vilikuwa nje, mbali na mbavu, kama kuku aliyefunika vifaranga, isipokuwa upande uliobana kile kitu kwapani. Suhaila alichora viwiko kwanza, peke yake, bila ya mtu. Kisha akauliza kama buibui lilikuwa likiburura.

"Lingeburura," alisema Duni. "Kalipandisha."

"Kwa vidole?"

Mzee aliitazama mikono yake mwenyewe, yenye grisi isiyotoka. Yeye hukaa chini kutwa nzima akifunga minyororo, na watu huwaona kuanzia viunoni kwenda chini, kwa hiyo alichokiona alikiona vizuri. "Si kwa vidole," alisema mwisho. "Kalibana kwa vifundo vya mikono, hivi. N'lishangaa. N'kasema, yuno vidole kavifanyani?"

Hapo Ngwali aliingia kati na kumtaka Suhaila amchore mwanamme. Alimchora, tena upesi, kijana wa mabega mapana ndani ya buibui lile lile, hatua ndefu, shingo imeinama, na ilikuwa picha nzuri ya aibu tupu. Ngwali alifurahi nayo. Mzee Duni aliishika kwa urefu wa mkono wake akaitikisia kichwa.

"Sio. Mwanamme akivaa buibui hupiga hatua, kisha hujikumbuka, akafupisha. Yuno hakujikumbuka hata mara moja. Buibui kalizowea tangu udogo. Vilivyomshinda ni viatu."

Suhaila aliichana picha ya mwanamme kwa mikono miwili, bila ya huruma, na pamoja nayo ikachanika nusu ya jalada la Ngwali. Kisha akauliza Nahla ana urefu gani. Ngwali alijibu kwamba ni mrefu, anampita hata yeye. Na buibui lake humfika wapi? Kwenye vifundo vya miguu, alijibu, maana alimuona nalo siku aliyolitoa mwilini kituoni likawa kielelezo.

"Basi inakuwaje limburure?"

Mfuko wenye buibui hilo ulikuwa mkononi mwa Ngwali tangu asubuhi, na muda wote ule hakuna aliyewaza kulipima buibui kwa mtu. "Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako," alisema kwa uchungu, na Mzee Duni akacheka mpaka akakohoa. Lakini Ngwali si mtu wa kukimbia kwa kishindo kimoja. Aliwakumbusha kwamba mwendesha mashtaka atasema Nahla alimvisha mwenzake, mfupi kuliko yeye, na hilo halimtoi rumande. Suhaila alikubali kwamba ni kweli. Akauliza mlango ulifunguliwa vipi.

"Ulisindikwa tu," alisema Duni. "Kausukuma kwa nyonga, akatoka kinyumenyume. Kisha kenda zake kwa visigino. Vidole vya miguu kavinyanyua juu, na yale makubadhi makubwa, ukanda mmoja umefungwa uzi, miguu inaelea ndani."

Suhaila alijaribu kumchora, akafuta. Akajaribu tena, akafuta. Baadaye Ngwali alipata kujua kwamba hii ndiyo kazi yake hasa na huko kuchora ni kumalizia tu: picha ikimkataa, huinuka akaivaa mwilini. Alichukua buibui lake mwenyewe msumarini akajitia ndani, akamuomba Mzee Duni makubadhi yake. Mzee aliyavua kwa heshima kubwa. Suhaila akaingiza vitanga ndani ya mikono ya buibui, akatoa viwiko nje, akabana kitabu kwapani, akapandisha pindo kwa vifundo, akanyanyua vidole vya miguu. Akavuka chumba kwa visigino. Akausukuma mlango kwa nyonga, akatoka kinyumenyume mpaka ukumbini, na huko akatulia.

Walimngoja. Ngwali alidhani amejikwaa.

Aliporudi alikuwa amevitoa vitanga nje na kuvishika mbele yake, vidole vimetawanyika, hakuna kinachogusa chenziwe. Hakuwa akiigiza tena.

"Mikono yangu inaijua hii," alisema taratibu. "Afande, mkeo siku akipakwa hina, maji hunywaje?"

"Namnywesha mimi," alijibu Ngwali bila ya kufikiri. Kisha akasimama wima.

Suhaila alikuwa ameshakaa chini anachora. Safari hii hakufuta. Ngwali alikuja nyuma ya bega lake, jambo ambalo nusu saa iliyopita asingelifanya kwa mshahara, akamuona mtu anazaliwa kwenye karatasi. Buibui refu la mtu mwengine, likiwa limemkusanyikia tumboni. Mshono wa bega umeshuka hadi katikati ya mkono. Shanga za upande mmoja zikiwa zimening'inia chini ya pale zinapostahiki kuwa. Makubadhi ya baba wa mtu, na ndani yake nyayo zinazokataa kukanyaga. Kila kiungo kilikuwa mbali na chenziwe. Uso haukuwako na haukuhitajika. Yeye tangu juzi alikuwa akimtafuta mtu anayejificha. Huyu wa kwenye karatasi hakuwa akijificha, alikuwa akiogopa kujigusa, na pamoja na hofu hiyo alikuwa na pahala anapokwenda na hakuna ambaye angemrudisha. Ngwali amehoji watu maisha yake yote ya kazi, na alimwambia Suhaila waziwazi kwamba hajapata kuona mtu anayeuliza mwili ukajibu namna ile. Suhaila alisema shukurani ni za Mzee Duni, aliyetazama, na akaomba kalamu nyeusi.

Palibaki kuthibitisha. Ngwali aliwataka wote wawili wawe mashahidi, akavaa glavu, akaikata lakiri mbele yao. Kituoni walilipekua buibui mifuko na pindo, nje, kama inavyopekuliwa nguo ya mwizi. Hakuna aliyeligeuza. Aligeuza mkono wa kushoto, ule wenye shanga, kisha wa kulia. Ndani ya kila mmoja, karibu na ncha, palikuwa na ukoko mkavu wa rangi ya kahawia, na chini yake doa jekundu lililokwisha kuingia kwenye nyuzi. Aliinamisha pua. Harufu ya hina na karafuu ilimpanda.

"Nahla alipakwa?" aliuliza Suhaila.

"Hana hata tone. Nilimchukua alama za vidole mwenyewe."

Nyumbani kwa Bwana Haroub taa za rangi zilikuwa zimeshatundikwa barazani. Mwenye nyumba aliwapokea Ngwali na Suhaila kwa kahawa na haluwa, kwa ule ukarimu wa watu ambao babu zao walikuwa na mashamba na wao wamebaki na adabu zake. Alikuwa muuza vitambaa, mtu wa maneno machache. Aliuliza kama mrashi umepatikana. Ngwali alisema bado, ila angependa kuzungumza na Bi Badriya, somo wa biharusi, yule mwanamke mzima anayekaa na mwari kumfunda na kumtunza mpaka aolewe.

Bi Badriya alikuja akakaa karibu na mlango wa ndani. Shikamoo ilitolewa, marahaba ikapokelewa, hali za watoto zikaulizwa. Halafu Ngwali akaulizia hina, na mama yule alishangaa kuona polisi ana hamu na mambo ya wanawake, lakini alieleza. Mpakaji alitoka Chake akachelewa. Alianza na biharusi, kama inavyotakiwa, na adhana ya Alasiri ilimkuta ndiyo kwanza amemaliza mikono na miguu yake. Watu wote wakainuka kusali ukumbini.

"Kuna mwengine aliyekuwa na hina wakati huo?"

"Hakuna. Wengine walipakwa baada ya sala."

"Na biharusi alibaki na nani?"

"Peke yake kitandani, mikono juu ya mito. Namwachia nani, baba? Kila mtu kaenda kusali."

Ngwali aliuliza makubadhi ya Bwana Haroub huwekwa wapi akiwa dukani. Mlango wa uani, alisema Bi Badriya. Mwenyewe huvaa viatu vya kufunga akienda kazini. Kikulacho ki nguoni mwako, alijisemea Ngwali moyoni. Akauliza la mwisho, kama hina ilitoka vizuri, na somo akaanza kuinyoosha leso yake ambayo haikujikunja. Alisema ilitoka vizuri, isipokuwa ua moja la kitanga cha kushoto lilivurugika, ikabidi alizibe kwa piko, ile rangi nyeusi ya kuchorea. Mtoto alisema alisinzia akaligusisha kwenye mto.

Kikombe cha Bwana Haroub kilirudi kwenye kisahani. "Inspekta, unauliza nini juu ya mwanangu?"

"Nataka kuzungumza naye."

"Mwari hatoki kuonana na wanaume. Hilo weye Mpemba unalijua."

Ngwali alilijua. Alijua pia kwamba kesho asubuhi mwanamke mwengine atasimama kizimbani. Alimtazama Suhaila, na Suhaila akaifungua bahasha yake. Hakuomba ruhusa ya mtu. Alikwenda kwenye pazia la mlango wa ndani, akaipitisha picha pembeni, na kutoka upande wa pili mkono ukaipokea, mkono uliochorwa maua mpaka kiwikoni.

Muda ulipita. Ukumbini wanawake walikuwa wakichambua asumini na mmoja wao akiimba kwa sauti ya chini.

Pazia likafunguliwa. Jawaher alikuwa msichana mfupi, amejitanda leso ya rangi ya manjano mpaka kwenye nyusi, ile karatasi ameishika kwa mikono miwili.

"Ni mimi huyu," alisema. "Nani kanichora? Nani kaniona?"

Hapakuwa na haja ya kumhoji. Alisema yote akiwa amesimama pale pale, akiitazama picha zaidi ya alivyowatazama wao. Mrashi ule haukuwa wa nyumba hii. Uliingia pamoja na marehemu mama yake siku aliyoolewa, na mwenyewe ni Bi Mwanamize, mama wa mama yake, anayekaa mtaa wa pili na ambaye Bwana Haroub alimkataza kukanyaga hapa tangu walipogombana baada ya msiba. Kwa upande wa mama yake, biharusi hurashiwa na bibi yake mzaa mama, kwa mrashi ule, hina ikiwa bado mbichi. Mama yake alirashiwa hivyo, na mama wa mama yake kabla yake. Jawaher alingoja watu waingie katika sala. Aliingia chumba cha wageni, akavuta buibui la juu kabisa kwa meno, akaliingia kwa vichwa vya viwiko, akalitilia ninja. Viatu vya kike vyote vingemvuruga hina ya miguu, kwa hiyo akajitia ndani ya makubadhi ya baba yake. Bi Mwanamize alimrashia utosini. Jawaher akamwachia bibi yake mrashi, kwa kuwa ni wake. Alirudi akaliweka buibui kitandani, watu hawajamaliza nyiradi za baada ya sala.

"Na Nahla?" aliuliza Ngwali.

Hapo aliishusha picha. Alisema watu wa kina Hamzah, anakoolewa, wangesikia kwamba alitoka nje na hina mbichi, wangesema biharusi kakimbia. Alisema tangu jana, kila saa ikifika, alijiambia watamwachia.

"Sisi hatukuwa na nia ya kumwachia," alisema Ngwali. Hakulisema kwa ukali, lakini hakulipunguza.

Bwana Haroub aliinuka. "Umetoka nje na hina mbichi?"

"Nimetoka, baba. Na sasa natoka tena. Bi Badriya, nipe buibui langu."

Somo alimtazama baba, baba akawatazama wageni, na ilionekana kwamba hakuna kati yao aliyewahi kukutana na jambo hili katika kufundwa wala kufunda. Bwana Haroub aliiomba ile picha. Aliishika karibu na macho, na alichokitazama kwa muda mrefu kuliko vyote ni yale makubadhi, yaliyochorwa mpaka ule ukanda mmoja uliokatika, ambao mwenyewe aliufunga kwa uzi. Mtoto wake kavaa viatu vyake kwenda pahala ambapo yeye mwenyewe alipaswa kumpeleka. Alisema, kwa sauti ambayo Ngwali ilibidi aikaribie, kwamba atakwenda kituoni kuyafuta mashitaka kwa mkono wake, na kwamba kwanza atapita kwa Bi Mwanamize kumuomba radhi na kumuomba kesho aje, yeye na mrashi wake.

Jawaher alitoka kwa mlango wa mbele, mchana kweupe, mbele ya mafundi wa taa. Ngwali alimfuata kwa nyuma kidogo, na alijikuta akimtazama kama alivyofundishwa asubuhi ile. Buibui lilimtosha. Viwiko vilikuwa karibu na mbavu, nyayo zote zikikanyaga. Hata bila ya shanga na bila ya uso angemjua ni yule yule, kwa namna alivyokuwa ametanguliza bega moja, anayekwenda anapokwenda.

Kituoni Nahla alitolewa akakalishwa kwenye benchi la mapokezi. Alikuwa mrefu kweli, na kulala sakafuni kulimfanya aonekane mrefu zaidi. Aliwaona watu mlangoni, lakini jua lilikuwa nyuma yao.

"Harusi imeshapita?" aliuliza.

Jawaher alipandisha ninja. Ngwali aliliweka buibui la shanga juu ya meza, mikono yake bado imegeuzwa nje, madoa yake yanaonekana. Akamuomba Nahla amjibu swali moja ambalo si la kesi, kwa sababu kesi haipo tena. Alijua?

"Nilipolivaa kurudi nyumbani, mkono ulinikwaruza," alisema Nahla. "Nikanusa. Nani mwengine alikuwa na hina saa ile ya sala?"

"Na hukutwambia."

"Yalikuwa yake ya kusema. Nikasema aolewe kwanza, mambo yake yatengenee, kisha atakuja aseme. Nikawa nauliza harusi kila saa." Alimgeukia Jawaher. "Sikujua kama ungengoja mpaka uletewe picha."

Jawaher alilia. Alimuomba radhi, kwa maneno ya kawaida, yale yale ambayo watu wote huyatumia kwa kuwa hakuna mengine, na Nahla alimsikiliza mpaka akamaliza. Ngwali, ambaye alilihesabu swali lile kuwa ushahidi wa wizi, alitamani naye awe na la kusema. Akaomba radhi yeye pia, mbele ya askari wake. Suhaila alikuwa amesimama karibu na mlango, vidole vyake vikisogea peke yake juu ya bahasha, vikimkariri Nahla anavyokaa.

"Kesho utakuja?" aliuliza Jawaher.

Nahla alilichukua buibui mezani. Aliugeuza mkono mmoja, kisha wa pili, madoa yakarudi ndani.

"Nitakuja," alisema. "Lakini buibui langu silitupi kitandani. Nitalishika mkononi."

Akasimama akalivaa. Lilimfika kwenye vifundo vya miguu.